Viti kumi na viwili katika mji usiokaa

Vijana wangu wa mtaa wa Bungulu, wiki iliyopita mlinikuta barazani nikichambua maharagwe, mkasimama mbele yangu kama mashahidi wa harusi, mkaniuliza kama duka la michezo ya mezani laweza kuishi kwenu Beni. Niliwaambia kwamba nitawajibu kwa maandishi, kwa sababu nikisema kwa mdomo naanza kucheka katikati na habari inapotea. Naomba jambo moja tu kabla sijaanza: someni haya mkiwa mmesimama. Sababu yake mtaiona.

Mnaniita mstaafu. Nina miaka arobaini na minane, na hapa Butembo mtu wa umri huo anayechambua maharagwe kabla ya saa sita mchana huhesabiwa kuwa mgonjwa au mwanasiasa. Basi, mstaafu na iwe. Nimeiacha kazi kwa sababu macho yangu hayaoni tena tofauti ya nukta tano na nukta sita kwenye dadu, na mwenye duka la michezo asiyeona nukta ni kama padri asiyeona mkate. Kwa miaka mingi nilikuwa na chumba kimoja huko mtaani Mususa, chenye mlango mmoja na dirisha moja, nikiuza dame, yaani drafti, ludo, karata, domino, na ule mchezo wa wafalme na farasi ambao sisi huuita échecs. Katika miaka hiyo niliyaona maduka mengine matatu ya aina yangu yakifunguliwa na kufa. Moja sasa linauza vioo vya simu. La pili, kule kwenu Beni, lina magunia ya maharagwe. La tatu silisemi, maana mwenyewe bado ana uchungu na tunasali parokia moja.

Mlidhani kwamba adui ni simu. Mmoja wenu, yule mwenye miwani, alinionyesha ludo ndani ya simu yake akiwa na huruma usoni, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mbavu. Mwanangu, simu haijaniua. Wanaocheza ludo ndani ya simu huja siku moja kutafuta mtu wa kumcheka ana kwa ana. Aliyekaribia kuniua ni kiti. Tena viti kumi na viwili, nilivyovinunua mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, pamoja na tasnifu kuhusu biashara ndogondogo ambayo nadhani ilisomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mama yangu. Ndani yake niliandika kwamba mteja hununua pale anapostarehe. Kwa hiyo niliagiza viti kumi na viwili vya mbao nyekundu za libuyu, nikavishonea mito ya kitenge, nikavipanga kuzunguka meza fupi, nikafungua mlango, nikangoja.

Watu walipita. Walinisalimu vizuri sana. Walisimama mlangoni, wakaangalia ubao, wakaangalia viti, kisha wakakumbuka ghafla mahali walipokuwa wanakwenda. Mtu wa kwanza aliyeingia kwa nia ya kununua alikuwa fundi wa pikipiki, mikono imejaa oili.

"Mama, hii kiti ni bei gani?"

"Kiti haiuzwi, papa. Humu tunauzisha michezo."

Akafikiri kwa heshima. "Na kama naacha michezo, nanunua kiti tu?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu makubwa ya biashara katika mwezi wa kwanza.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Kavira, mjane, kiongozi wa kwaya katika kanisa la Kiprotestanti, mwanamke ambaye hata kivuli chake kilikuwa na haraka. Chumba changu zamani kilikuwa depo, ghala la simenti la marehemu mume wake. Alikuwa akipita mbele ya mlango mara nne kwa siku, na siku moja hakupita, aliingia.

"Madame," akasema, akisimama katikati ya viti bila kukigusa hata kimoja, "kila siku napita hapa, naona biti kumi na mbili na mutu moja. Ile mutu ni weye."

"Batu batakuja, Mama."

"Batakuja kufanya nini?"

"Kucheza."

"Mu mchana?" Akaliuliza neno hilo kana kwamba nimesema uchi. "Sikiya. Mi hapana katala biashara. Weka misumari, weka bitenge, weka hata masanduku ya maiti, nitakuimbia hapa ku mulango. Lakini kukaa mu mchana, mu nyumba ya bwana yangu, hapana. Nakupa mpaka Pasaka. Kama sioni kazi humu, chumba inarudia depo."

Pasaka ilikuwa mbele yetu kwa miezi mitatu. Sikuwa na chumba kingine, wala mtu wa kunikodishia. Mjini kote nilikuwa nimeshajulikana kama yule binti aliyesoma sana hadi akafungua nyumba ya kukaa.

Ninyi wa Beni mnaweza kucheka, kwa sababu kwenu kuna joto na mtu hutafuta kivuli bila kuulizwa. Butembo ni mji wa baridi na wa miguu. Baba zetu waliujenga wakiwa na mizigo mabegani, na hadi leo sifa kubwa kuliko zote ambayo mtu anaweza kupewa akiwa ndani ya jeneza ni kwamba hakuwahi kukaa bure. Mimi nilizaliwa humu. Nililelewa na mama aliyekuwa akinywa chai akiwa wima. Lakini nilikuwa nimesahau jambo hilo mwaka wa pili wa masomo, nadhani katika somo la takwimu.

Aliyenikumbusha alikuwa seremala wangu, Papa Kambale. Karakana yake ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alitengeneza milango, vitanda, na kwa vipande vilivyobaki alinitengenezea mbao za dame. Aliniita Madame Licence tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya shahada yangu, na hakuna mtu katika mtaa aliyejua tena jina langu. Wiki ile ya onyo la Mama Kavira alikuja kuleta mbao sita, akaviona viti, akacheka hadi akaziweka mbao chini.

"Eh, Madame Licence! Ile masomo yote, na banakufundisha kumuweka mutu ya Butembo chini?"

"Papa, mtu anacheza vizuri akiwa amekaa."

"Ni kweli. Na bibi yake atasikia, na pasteur atasikia, na batamuuliza: uko mugonjwa? Lakini akisimama?" Akaegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayengoja kubadilishiwa pesa dukani. "Angalia. Anapita tu."

"Na akisimama masaa mawili?"

"Anapita polepole."

Siku ile ile alivipandisha viti vyote darini. Kesho yake alizirefusha meza zangu kwa vigingi vya mikaratusi, hadi zikafika kimo cha kaunta ya duka la misumari, kwa sababu mbele ya kaunta kila mwanamume wa mji huu anajua kusimama kwa heshima. Nilimwuliza alikojifunza hesabu hizo. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe hucheza dame juu ya benchi lake la kurandia, randa ikiwa mkononi, na kwamba katika miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kumkuta akicheza. Wote walimkuta akifikiria mlango.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kuna kazi. Kuanzia siku ile sikumwambia tena mtu yeyote "karibu". Mtu wa hapa akikaribishwa anajua kwamba atakalishwa. Nilimwuliza: "Unapita wapi?" Naye alijibu: "Niko napita tu, Mama," kisha akabaki hadi adhuhuri. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge aliyecheza ludo kwa msimu mzima bila kuvua koti. Kulikuwa na mwalimu aliyecheza akiwa na kuku hai kwapani, na kila alipopata nukta sita kuku alilia kabla yake, hata wapinzani wakaanza kulalamika kwamba wanacheza dhidi ya wawili. Kamwe msimwambie mchezaji aweke mzigo chini. Mzigo wake ndio ushahidi wake.

Kuhusu mbao, nitawaambia kosa langu ili msilirudie. Nilipopata wateja wa kwanza Beni, nilipeleka huko mbao kumi nzuri za dame, zilizochongwa Mususa na kuungwa kwa gundi katika ukungu wetu wa asubuhi. Baada ya wiki tatu zilirudi zikiwa zimefunguka katikati kama vitabu vya nyimbo. Ubao uliofungwa Butembo hufunguka Beni. Joto lenu linatoa maji ambayo baridi yetu iliyaficha. Papa Kambale aliziangalia, akanusa moja, akasema kwamba mti nao unahitaji kuzoea kabla ya kuhamia. Tangu hapo mbao za Beni zililala kwanza Beni, miezi miwili chini ya bati, ndipo zikakatwa. Ninyi mtakaofungua huko, msinunue ubao uliotengenezwa kwetu kwa sababu tu unang'aa. Uacheni ulale.

Kete za dame ni vifuniko vya chupa, na msione haya. Upande mmoja unacheza na vifuniko vilivyolala chali, upande wa pili na vilivyolala kifudifudi. Visugueni meno yake juu ya jiwe, la sivyo vitachora ubao, na baada ya mwaka mtakuwa mnacheza kwenye shamba lililolimwa. Dadu zinazopanda kutoka mpakani Kasindi zijaribuni kwanza katika glasi ya maji yenye chumvi nyingi: ikielea na kuonyesha uso uleule kila mara, ina uzito upande mmoja, mpeni adui yenu. Na mezani pasiwekwe dau la aina yoyote. Kwangu aliyeshindwa aliondoka mezani, basi. Na kwa mtu aliyekuwa "anapita tu", kuondoka lilikuwa jambo la kawaida ambalo ghafla lilimuuma sana.

Ni katika safari hizo za Beni, mtaani kwenu Bungulu, nilipomkuta Papa Katembo, ambaye ninyi mnamwita Koko Dame, yaani Babu Dame. Alikuwa mkulima wa kakao huko Eringeti. Alikuja Beni wakati njia ile ilipokosa amani, akiwa na familia na sufuria, na akapanga chumba. Nilimkuta kwenye veranda akicheza juu ya kipande cha katoni alichokichora kwa makaa, akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, bila mzigo wowote mkononi. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akikaa waziwazi namna ile. Alinishinda mara tano. Nilimpa mbao aniuzie Beni, akaniuzia vizuri kuliko nilivyojiuzia mwenyewe.

Wiki moja kabla ya Pasaka ile, siku ya Alhamisi, Papa Katembo alipanda Butembo kuchukua mbao ghafi nyingine za kwenda kulala Beni. Njia ilikuwa mbaya na alifika amechoka. Chumba kilijaa: watu saba, wote wima, wote wakipita. Nilikuwa na furaha, kwa sababu nilijua kwamba Mama Kavira atakuja kukagua, na ataona mikoba, makoti, kofia za pikipiki, yaani kazi. Papa Katembo akaangalia zile meza ndefu.

"Mama, ninyi ba Butembo munachezaka kama batu benye kungojea gari. Unipatie kiti."

"Papa Katembo, samahani, hapa tunasimama kidogo. Kwa sababu ya mwenye nyumba."

"Bale banapita," akasema kwa upole. "Miye sipite. Miye nilifika. Kiti."

Ningemjibu nini? Nilipanda darini nikateremsha kiti kimoja, nikakipangusa vumbi. Akapindua sanduku la soda, akaweka ubao juu yake, na muuza vitenge akaja kucheza naye akiwa ameinama, koti likigusa sakafu. Wengine wakazunguka kutazama. Ndipo mtu mmoja karibu na mlango akasema kwa sauti ya chini: "Mama Kavira."

Sijawahi kuona duka likimwagika upesi namna ile. "Niko napita tu, Mama!" "Nilikuwa natafuta misumari, Mama!" Kuku wa mwalimu alipita juu ya kichwa changu. Ndani tukabaki mimi, Papa Katembo juu ya kiti chake, na mchezo ulioachwa nusu.

Mama Kavira aliingia, kitabu cha nyimbo kikiwa kwapani.

"Huyu ni nani, anakaa?"

"Ni mukulima, Mama," nikasema haraka.

"Mukulima ya nini, mu Mususa?"

"Ya kakao," Papa Katembo akajibu mwenyewe, bila kuinuka. "Shamba iko Eringeti, Mama. Ile inabakia kule, miye nabakia huku."

 Nadhani Mama Kavira alikuwa ameandaa maneno kwa ajili ya mvivu, na mbele yake hakumwona. Akaanza kuangalia huku na huku, na macho yake yakaanguka juu ya ubao. Papa Katembo, labda kwa kujisahau, labda kwa ujanja wa miaka, hadi leo hataki kuniambia, akanyoosha kidole na kusukuma kifuniko kimoja mbele.

Mama Kavira akasonya.

"Ile hapana. Utakuliwa tatu."

Papa Katembo akainua kichwa. 

"Mama anajua dame?" akauliza Papa Katembo.

"Sijue kitu. Niko napita tu."

"Basi, pita na hizi za kulala kifudifudi."

Mama Kavira akainama. Akachukua tatu. Papa Katembo akachukua mbili. Ubao ulikuwa chini, juu ya sanduku, na yule mama alicheza akiwa amejikunja, mkono mmoja gotini, kitabu cha nyimbo bado kwapani, akisonya kila baada ya hatua. Nilihesabu hatua tisa. Katika ya kumi aliushika mgongo wake kwa mkono wote.

"Madame. Lete kiti."

Kabla ya kupanda darini nilikimbilia mlango niufunge, kwa heshima yake, ili kanisa zima lisimwone.

"Nani anakuambia ufunge?"

"Mama, watu watakuona."

"Waone." Macho yake yalibaki kwenye ubao. "Miye na bwana yangu tulifungaka ile mulango miaka yote. Tulicheza pale, nyuma ya mifuko ya simenti. Batu banawaza tunapanga mifuko. Sasa amekufa, na hapana hata mutu moja anajua vile alikuwa mukali ya dame. Siku ya maziko balisema tu: hakukaaka. Acha wazi."

Nikauacha wazi. Nikateremsha kiti cha pili, kile chenye mto wa kitenge cha bluu, na Mama Kavira akakaa, mchana kweupe, mbele ya barabara yote ya Mususa. Wapita njia walipita, wakarudi nyuma, wakapita tena. Papa Katembo alimshinda, kwa shida. Mama Kavira akainuka, akajipangusa, akamwambia mkulima "Wasingya", yaani asante, akatoka. Juu ya chumba hakutamka neno.

Wiki ile nililala vibaya na nilifunga vitu katika katoni. Pasaka ikaja, ikapita. Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, Mama Kavira akasimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo.

"Kiti yangu iko wapi?"

"Mama, na chumba?"

"Chumba gani? Nimekuuliza kiti."

Msidhani kwamba mji ulibadilika. Wafanyabiashara wangu walirudi na mikoba yao, na hadi leo wanacheza wima, nendeni mkaone. Papa Kambale alikufa akiwa bado anafikiria milango, Mungu amlaze pema. Chumba sasa anakiendesha mpwa wangu, ambaye macho yake yanaona nukta zote. Nami nimejifunza kutomcheka mtu anayesema kwamba anapita tu. Mara nyingi anaulizia, kwa njia pekee anayoijua, kama kuna mahali anaweza kufika.

Kwa hiyo, je, duka laweza kuishi Beni? Kwanza kaeni wiki nzima kwenye veranda ya Koko Dame, mtazame watu wa kwenu wanaona haya gani. Kila mji una ya kwake, na ya kwenu siijui. Tengenezeni meza kwa kimo cha haya hiyo. Mbao zilale Beni. Na njooni na gari dogo, kwa sababu kule darini, Mususa, kuna viti vizuri vya libuyu ambavyo nilivinunua kwa ujinga wangu wote wa chuo kikuu. Sasa mnaweza kukaa chini mmalizie kusoma.

Vilikuwa kumi na viwili. Kimoja Koko Dame alishuka nacho, kiko Bungulu tayari kwenye veranda yake, mmekikalia wenyewe bila kujua. Chukueni kumi. Kile chenye mto wa bluu msikiguse: leo ni Alhamisi, na mwenyewe anakuja saa tisa.